Nyumba Kuukuu na Kiwanja Kipya

Tangu tarehe 25 Disemba 2020, ilipoporomoka sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ikiwa mikononi mwa mafundi waliokuwa wakiitengeneza, na kuondoka na roho za watu, nimeyasikia katika baraza za Mji Mkongwe wa Unguja maneno ambayo hapo kabla yalisemwa kwa sauti ya chini tu. Jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 kuuonyesha ulimwengu uwezo wake limeshindwa kusimama ilhali fedha za serikali zilikuwa zikitumika juu yake. Basi sisi wenye vijumba vya ghorofa mbili, wenye warithi wengi na pato la kuuza vitambaa Darajani, tutasimamisha nini? Mwenye kuuliza hivyo aghalabu amekwisha kujijibu, na jibu lake ni kwamba nyumba iuzwe na aila ihamie shamba, yaani huko tunakokuita shamba kwa mazoea, ingawa siku hizi ni mji mtupu kutoka Amani hadi Fuoni na kuupata mgomba ni kwa kuutafuta.

Mimi nimekaa katika pande zote mbili za shauri hili. Nimezaliwa katika nyumba ya mawe mtaa wa Kiponda, nikalelewa humo mpaka nilipooa. Nikahama, nikajenga Fuoni. Na baadaye, kwa kuwa mauti hayamwachi mtu katika kituo alichojichagulia, nikarejeshwa katika mashauri ya nyumba ile ile ya Kiponda nikiwa mmoja wa warithi wake. Niliyoyaona huko hayamo katika makisio ya mafundi wala katika hati za makarani, nami nayaandika kwa ajili ya wale ambao leo wanapima baina ya kukarabati na kuhama, na wanaodhani kwamba kilichobaki ni kujumlisha tu.

Nyumba ya Kiponda ilijengwa kama zilivyojengwa nyenziwe: kuta zenye unene wa zaidi ya dhiraa moja, za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa udongo mwekundu na chokaa, sakafu za juu zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na vyumba vyake virefu na vyembamba, visivyopata upana wa mita 3 ila kwa shida, kwa sababu mjenzi wa zamani hakuwa na hiari katika upana: mkoko ulipoishia ndipo na chumba kilipoishia. Wageni wa Kizungu hulisifu umbo hilo wakidhani kuwa lilitokana na mapendeleo ya wenyeji. Lilikuwa ni sharti la mti.

Kila mwaka, kaskazi inapokwisha na kabla masika hayajaanza, baba yangu alimwita fundi mmoja mzee, ambaye hakuwa na daftari wala kipimo isipokuwa uzi na kifundo cha kidole chake. Alipita chumba baada ya chumba akigonga ukuta na kusikiliza, kwani lipu iliyoachana na jiwe hutoa mlio wa utupu, na kila alipousikia mlio huo alichora alama ya makaa. Kisha alipanda juu akaitazama mifereji ya paa na misumari ya mabati, akashuka, akazichoma kwa ncha ya kisu boriti pale zinapoingia ukutani. Kwa maana katika mti mzima wa boriti, vile vichwa viwili vilivyozikwa katika jiwe ndivyo vinavyooza kwanza, na mwenye nyumba huviona mwisho. Chokaa yake haikuwa ya jana. Ilitoka kwa wachomaji wa shamba, waliopanga magogo ya minazi kwa duara na kuyarundika mawe ya matumbawe juu yake na kuyachoma mpaka yakalainika. Ikazimwa kwa maji, ikalazwa katika shimo kwa miezi, na fundi hakukubali kuigusa kabla haijakomaa, hata kama baba alikuwa na haraka. "Bwana," alimwambia siku moja, "chokaa changa hupasuka mwaka huu, na utaniita mimi uniulize kwa nini."

Mimi mtoto niliuchukia mwezi ule wa vumbi, magodoro yamesongamana ukumbini na mama akipika uwani chini ya turubai. Sikujua kwamba ninatazama kitu ambacho baadaye ningekitafuta nisikipate. Baba yangu hakuwahi katika maisha yake kuikarabati nyumba kwa maana tunayoikusudia leo, ya fedha nyingi kutoka mara moja na mafundi kujaa mlangoni. Yeye aliitengeneza kidogo kidogo bila ya kusita, na gharama yake ilisimama katika hesabu za mwaka pamoja na futari ya Ramadhani na nguo za Idi. Watu wengi wanaonijia leo na makisio ya kutisha, wakisema nyumba imezeeka na haifai, wanachokishika mkononi ni deni la miaka yote ambayo mwezi ule haukufanywa, limelimbikizwa na kuandikwa katika karatasi moja. Nyumba haikuzeeka kwa ghafla; ni hesabu iliyokuja kwa ghafla.

Yalipokuja mapinduzi ya Januari 1964, na baada yake majumba mengi ya mji kuwa mali ya serikali au kubaki bila ya wenyewe, tulipata somo ambalo hatukuliomba. Nyumba iliyopakana na yetu iliondokwa na watu wake wakenda ughaibuni. Wakatiwa humo wapangaji, aila moja katika kila chumba, wenye kulipa kodi ndogo isiyoweza kununua hata bati. Walikuwa watu wema. Lakini mwenye kupanga chumba cha chini hakuona sababu ya kupanda paani, na wa juu aliona kwamba paa ni la serikali. Mfereji ukaziba, mmea ukaota katika ufa, na masika moja, usiku, sehemu ya nyuma ikaanguka. Hapakufa mtu, alhamdulillahi. Ila nyumba za Mji Mkongwe zimesimama kama wanaosali katika safu, bega kwa bega, na anayetoka huacha pengo linalowatikisa waliobaki: ukuta ulioanguka ulikuwa umeuegemea wetu, na boriti za jirani zilikuwa zimeingia katika jiwe letu, zikang'oka nalo. Baba alitumia mwaka mzima kuziba majeraha ya nyumba ambayo hakuwahi kuimiliki.

Tangu wakati huo siwezi kumsikia mtu akisema kwamba atafunga mlango wa nyumba yake ya mjini, ahamie kwingine, na aingoje ipande bei, bila ya kumwonea huruma jirani yake. Nyumba iliyofungwa huoza upesi kuliko inayokaliwa, kwa kuwa hakuna wa kulisikia tone la kwanza linapodondoka. Na kuhama kwa namna hiyo ni kumhamishia mwingine mzigo bila ya kumpa taarifa.

Hapa, hata hivyo, sharti niiweke habari ya shangazi yangu, ambaye aliniharibia mapema ile ladha ya kuyapenda majumba ya kale kwa maneno matupu. Yeye alikuwa miongoni mwa waliopata fleti katika majengo ya Michenzani, yale marefu yaliyoanza kujengwa zama za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na ambayo watu wa mjini walizoea kuyacheka kwa kusema kwamba ndani yake hakuna baraza, na mtu akifa jeneza litashukaje ngazi. Alihama bila ya kugeuka nyuma. Baba yangu, nduguye mkubwa, alikwenda kumtazama, na akarudi na huzuni kwa sababu maji hayakuwa yakipanda mpaka ghorofa yake na alimkuta akiyachota chini kwa ndoo. Akamshauri arejee Kiponda. Shangazi alimjibu kwa adabu, lakini jibu lake tulilinukuu nyumbani kwa miaka: "Kaka, ndoo ya kupandisha ngazini naijua saa yake. Ile ya kutegea paa linalovuja ilikuwa ikiniamsha saa inayoitaka yenyewe."

Wanaume hawakulitia jambo hilo katika mizani, na mpaka leo hawalitii. Nyumba husifiwa na anayeingia kula na kutoka kwenda msikitini. Mwenye kukijua kiasi cha uzee wake ni yule anayeifuta sakafu inayotoa vumbi la chokaa kila asubuhi, anayezihamisha nguo za watoto kutoka kona yenye unyevu kwenda kona nyingine, anayepanda ngazi zenye vipandio visivyolingana akiwa na mimba na sufuria. Nimehudhuria vikao vingi vya aila kuhusu nyumba, na katika vingi vya hivyo wanawake walileta chai. Lau kama mimi ndiye kadhi wa mashauri haya, nisingemsikiliza mtu yeyote mpaka aseme kwanza aliyekuwa akizitega ndoo.

Baba alipofariki, usimamizi wa nyumba uliangukia kwa ami yangu, mtu mwenye bidii na mapenzi ya nyumba hiyo pasina shaka. Miaka ya 1980 fedha zilianza kuja kutoka Maskati, kwa ndugu zetu waliokwisha kukaa huko na kufanikiwa, na saruji, iliyokuwa adimu, ikaanza kuonekana. Yule fundi mzee alikuwa amekwisha kufa na hapakuwa na aliyemrithi. Akaja fundi mwingine, kijana wa kazi nzuri kwa majengo ya matofali, akaibandua chokaa yote ya chini, akazivika kuta lipu ya saruji iliyonyooka kama ilivyotakiwa, akamwaga zege katika chumba kimoja cha juu ili kiwe choo na bafu ya kisasa. Nyumba ikang'aa. Watu wakaja kutupa mkono wa heri.

Haikupita miaka mingi rangi ikaanza kuvimba na kutoa unga mweupe wa chumvi. Kisha lipu ikaanguka kwa vipande vipana, na kila kipande kilichoanguka kilichukua na uso wa jiwe. Boriti chini ya lile bafu zikawa nyeusi, zikainama. Sababu yake niliieleweshwa baadaye na watu waliosoma mambo hayo, na ni rahisi kwa anayekubali kuisikia. Ukuta wa matumbawe na udongo hauzuii maji. Huyanywa, kutoka ardhini na kutoka hewani, na siku ya jua huyatoa kupitia chokaa iliyo laini na yenye vinyweleo. Saruji ni ngumu na imeziba. Maji yaliyoingia hayana pa kutokea, hukaa ndani, hulainisha udongo unaoshika mawe, na hutafuta mahali palipo na mti. Nasi tulikuwa tumeongeza juu yake uzito wa zege ambao mikoko ile haikupata kuahidiwa, pamoja na bomba linalovuja.

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na usia huo ni wa haki. Lakini hawakusema ufa uzibwe kwa kitu gani, kwa sababu zamani zao kitu kilikuwa kimoja. Katika Mji Mkongwe nimeona nyufa zilizozibwa kwa saruji ambazo ndizo zilizowajengesha watu kuta. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, imekuwa ikiwaambia wenye nyumba wairejee chokaa, hata kabla mji haujatiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wenye nyumba wengi huyasikia maneno hayo kama adha nyingine ya kuombea kibali. Mimi si mpenzi wa vibali. Katika jambo la chokaa, nashuhudia kwamba walisema kweli.

Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kuhama, na sikuhama kwa kuikimbia nyumba. Nilihama kwa sababu niliyodhani haina haja ya kutetewa: watoto wameongezeka na chumba hakiongezeki. Kiwanja nilikipata Fuoni, wakati ambapo wenyeji wa mjini walikuwa bado wakiuliza kama huko kuna fisi, nikajenga kama wajengavyo watu wa mishahara, yaani msingi mwaka huu na kuta nitakapojaaliwa, matofali yakiota ukungu chini ya mwembe na jirani wakiyaazima bila ya kuyarejesha. Tulipoingia, nyumba haikuwa na dari wala madirisha yote, lakini ilikuwa na upepo, ina mwanga, gari ilifika mlangoni, na mke wangu alipata jiko ambalo moshi wake haukumwudhi mtu wa ghorofa ya juu. Kwa hayo sijapata kujuta.

Yaliyokuwa hayamo katika hesabu yangu yalijitokeza moja moja. Mama yangu alibaki Kiponda, naye alikataa kabisa kuhama. Alipougua usiku, jirani walijua kabla yangu, na walikuwa wamekwisha kumwita daktari nami bado natafuta gari. Msiba ukitokea mjini, nilikuwa nikifika kama mgeni, watu wamekwisha kugawana kazi za maziko. Watoto wangu walijua majina ya mitaa ya mji kutoka kwa makondakta wa daladala. Nauli, ambayo kila siku ilionekana ndogo, ilikula kwa mwezi sehemu ambayo baba angeipa chokaa. Haya nayasema bila ya kuomboleza, kwani mtaa mpya nao ulitupokea kwa wakati wake, na leo ni mimi ninayejua mgonjwa wa Fuoni kabla ya wanawe. Lakini ulipita umri wa mtoto mpaka kufika hapo, na katika muda huo tuliishi kama wapangaji katika nyumba yetu wenyewe.

Jambo lililonifundisha zaidi lilikuja nilipokwisha kujiona nimepumzika. Mabati yakashika kutu. Lenta za juu ya madirisha zikapasuka kwa urefu wake. Vipande vya zege vikaanguka na nondo zikaonekana zimevimba na kuwa nyekundu. Fundi aliyekuja kutazama alichukua mchanga uliomwagika, akaulamba, akatema. Ulikuwa mchanga wa pwani, umechanganywa bila ya kuoshwa, na chumvi yake ilikuwa ikiila nondo kwa utulivu tangu siku tuliyohamia. "Mzee," aliniambia, "nyumba hii imechoka." Nilitazamana na mke wangu. Ilikuwa ndogo kwa umri kuliko kifunguamimba wetu, na kule Kiponda kuta zilizojengwa kabla ya babu kuzaliwa zilikuwa bado zimebeba sakafu mbili, pamoja na yote tuliyozitendea. Anayehama kwa kuchoka na matengenezo na ajue kwamba nyumba mpya nayo itamdai matengenezo, na kwamba mjini alikuwa akizijua kasoro zake, ilhali huko aendako kasoro zimefunikwa rangi.

Sasa nije katika mambo ya mirathi, ambayo ndiyo, kwa maoni yangu, yanayoangusha nyumba nyingi kuliko mvua, na ambayo yanazungumzwa kwa uchache kwa kuwa kila mtu anao ndugu anaotaka kuendelea kuzikana nao. Sheria yenyewe haina kasoro: mjane mwenye watoto na marehemu hupata thumuni, na kinachobaki hugawiwa watoto, wa kiume fungu maradufu ya la kike. Ila nyumba si gunia la mchele. Baba alipofariki mafungu yalihesabika. Mama alipomfuata, na kaka zangu wawili baada yake, kila fungu liligawika kwa watoto wao, na nyumba yenye vyumba saba ikawa na wenyewe waliotawanyika Unguja, Dar es Salaam, Maskati, Dubai na London, baadhi yao wasiojua mlango wake unaelekea wapi. Akatokea mnunuzi aliyetaka kuifanya hoteli. Tukakutana katika ukumbi ule ule, chini ya dari iliyoinama.

Sijapata kuhudhuria kikao chenye hoja nzuri kama kile. Mmoja alisema kwamba nyumba ya wazazi haiuzwi. Alikuwa akikaa mbali, na katika miaka yote hakuwa ameleta hata gharama ya rangi. Mwingine alisema kwamba anayekaa ndani ndiye anayefaidi, basi yeye aitengeneze. Dada yetu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa ndani na aliyemuuguza mama humo, akajibu kwamba hawezi kuweka akiba yake yote katika mali ambayo sehemu yake humo ni chumba kimoja kisichofika mlangoni. Mtoto wa marehemu kaka alitaka fungu lake kwa fedha ili aanze biashara, na nani wa kumlaumu? Kila mmoja alisema haki yake, na baina ya haki hizo mvua iliendelea kuingia. Tulikwenda kwa kadhi, akatuandikia mafungu kwa usahihi usio na mfano. Lakini kadhi hugawa, hapigi lipu. Nimeona pia nyumba za wakfu, ambazo wazee walizifunga zisiuzwe ili vizazi visikose paa, zikifika katika hali ile ile kwa njia nyingine, kwa kuwa mwenye kunufaika nazo hana miliki na mwenye kuzisimamia hana kodi ya kutosha.

Ilichukua miaka. Kilichotuokoa hakikuwa busara yangu wala ya mwenzangu yeyote, bali ni uchovu, na pendekezo la dada mwenyewe kwamba yuko tayari kuyanunua mafungu yetu, si kwa bei ya mwenye hoteli, ambayo asingeipata hata angeishi mara mbili, bali kwa bei ya wathamini wawili tuliowakubali sote, na kwa malipo ya polepole. Wengine walilitoa fungu lao kwa hiba. Wengine walipokea kila senti, na ilikuwa haki yao. Mmoja mpaka leo husema kwamba tulimpunja, naye hesabu inamuunga mkono. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya ukarabati wa Kiponda, tofauti baina ya bei mbili, nayo ililipwa na watu ambao hawatalala tena humo.

Siku alipokuwa mwenyewe peke yake, dada yangu alifanya kwa mwaka mmoja mambo tuliyoyazungumza kwa miaka mingi. Akaitoa saruji, taratibu, ili isichukue mawe. Akalivunja lile bafu la juu, akaliteremsha uwani. Akasimamisha nguzo za kuegemeza na kuzibadili boriti zilizooza mojamoja. Kazi haikuwa rahisi. Mafundi wa chokaa ni wachache, na vijana wao ilibidi wafundishwe kungoja. Boriti nazo ni shida, kwani ukataji wa mikoko siku hizi una masharti, na ni haki uwe nayo. Chumba cha chini kinachotazama njia amekikodisha duka, na kodi yake haiguswi kwa jambo lolote isipokuwa kwa mwezi ule wa kabla ya masika, ambao ameurudisha.

Kwa sababu ya habari hiyo nimepata sifa katika aila ya kuwa mtetezi wa nyumba kuukuu, na ndivyo alivyonidhania mtoto wa ndugu yangu alipokuja mwaka huu kuniomba shauri. Yeye ana nyumba ya matofali bondeni, upande wa Mwanakwerekwe, ambako maji ya masika hutuama. Ni yake peke yake, hati iko katika jina lake, mkewe ameridhia lolote, na fundi amempa makisio ya kuinua sakafu na kujenga kizingiti kirefu mlangoni. Nilikwenda kuitazama. Sakafu ilikwisha kuinuliwa zamani, na mlango umekuwa mfupi kwa sababu hiyo, hata mtu mzima huingia ameinama. Ukutani upo mstari wa mwaka huu, na chini yake upo wa mwaka mwingine. Maji yanayoingia si ya mvua tupu, kwani njiani hupita katika mashimo ya vyoo vya mtaa, na watoto wake walikuwa wameumwa matumbo.

"Ami," akaniambia, "wewe ungeikarabati."

Nilimwambia hapana. Kuta zake ni nzima, paa ni zima, na fundi wake ni mtu mwaminifu; ugonjwa haumo katika nyumba, umo mahali iliposimama, na hakuna fundi anayelitengeneza bonde. Mitaro mikubwa ni kazi ya serikali, na inapofanywa huwafaa wengi, lakini mtoto hangoji mtaro akinywa maji yale. Dada yangu alikuwa na sababu ya kubaki kwa kuwa kila kilichooza Kiponda kilikuwa ndani ya uwezo wa mwenye nyumba pale tu alipopatikana mwenye nyumba mmoja. Huyu yuko peke yake tangu mwanzo, na kilicho kibovu hakimo katika uwezo wake.

Basi na ahame, na ahame kabla ya masika mengine. Asikinunue kiwanja alichoonyeshwa wakati wa jua, kwa maana kiwanja hutazamwa siku ya mvua, na jirani wa kuulizwa ni mwanamke anayefua nje, si dalali. Asimalize fedha zote katika kuta. Sehemu na aiweke kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, na mchanga wa kujengea na auonje mwenyewe. Na nyumba ile ya bondeni, atakapoiuza, asiupake rangi ule mstari ulioko ukutani. Amwonyeshe mnunuzi maji yalifika wapi, na mwaka gani, na yalitokea upande gani. Bei itapungua kwa sababu hiyo, naye sharti akubali ipungue.